Siku Majani ya Mama Watoto Yalipokataliwa

Kwa miaka yote ambayo nimemjua mke wangu kwenye chai, majani yake hayakuwahi kurudishwa. Wenzake walisimamishwa kwenye meza ya kituo cha kununulia chai, wakaambiwa wachambue upya, wakachambua huku wakinung'unika. Yeye alimwaga gunia lake, karani akapitisha mkono juu juu, akasema, "Mama, peleka kwenye mzani." Basi. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka chini ya gunia. Kuna wanaume huku kwetu wanaojisifu kwa ng'ombe wa maziwa. Mimi nilijisifu kwa mikono ya mama watoto, hata mbele ya wakwe, na sikuona aibu.

Sasa hebu fikiria nilivyohisi jioni ile aliporudi nyumbani na nusu ya majani yake bado mgongoni.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Majani, mzee. Ulidhani wamekataa nini, mahari?"

Aliketi kwenye kigoda cha jikoni, akajimiminia maji kwenye kikombe kikubwa cha plastiki, akanywa yakaisha, akajimiminia mengine. Maji hayo sikuyatilia maanani. Nilikuwa nimeshapandwa na hasira, nami hasira zangu ziko karibu, kila mtu kuanzia hapa hadi soko la Roret anajua. Karani alikuwa kijana mgeni, ameletwa juzi tu. Nikajisemea huyu anataka kujionyesha, au anataka kitu kidogo.

"Kesho nakutana naye uso kwa uso," nikasema. "Atanijua mimi ni nani."

"Atakujua ni mzee mwenye kelele," akasema mama watoto, akanywa tena.

Kesho yake alasiri nilimbebea gunia mwenyewe. Nilianza kufoka hata kabla ya kufika kwenye meza. Nilimwuliza yule kijana kama alikuwa amezaliwa wakati mke wangu alipoanza kuchuna chai. Nilimwuliza kama anajua jani au amesoma jani kwenye karatasi. Kijana alinisikiliza, mikono nyuma, hata hakukunja uso.

"Mzee, umemaliza?"

"Bado!"

"Basi maliza, nakungoja."

Akina mama kwenye foleni wakaangua kicheko. Nilipoishiwa maneno, akalimwaga gunia letu mezani, akarudi nyuma hatua moja. "Chambua wewe mwenyewe, mzee. Mimi sitagusa. Utakayosema ni mazuri, tutapima."

Nikachambua. Kulikuwa na majani magumu yaliyokomaa zamani. Kulikuwa na vijiti. Kulikuwa na kishona nguo, lile gugu la kushika suruali, ambalo hata mtoto aliyetumwa shambani kwa adhabu hawezi kulichuna akidhani ni chai. Nikainua kichwa nimtazame mama watoto, nikidhani atakuwa amekasirika kunizidi. Alikuwa ameinama mezani, uso wake karibu uguse yale majani, anayageuza moja moja.

"Mimi naona yote ni kijani tu," akaniambia polepole, kwa Kipsigis, ili wengine wasisikie.

Hasira ikaniisha palepale, na kilichokuja mahali pake kilikuwa woga. Tulipima yale machache mazuri, tukaondoka. Sikumuaga hata karani.

Tukirudi nilitembea nyuma yake, na ndipo nikaona sketi yake imekunjwa kiunoni na kushikwa na pini kubwa ya watoto. Hiyo sketi ilikuwa ikimbana Krismasi iliyopita. Dalili ya mvua ni mawingu, tunasema, lakini hapa kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mawingu tumeyazoea mpaka hatuyaangalii. Mtu huyu alikuwa anabeba mtungi wa maji kwenda shambani, mtungi mzima, na kurudi nao mtupu. Kwaya ikiimba kanisani, yeye alitoka katikati ya wimbo kwenda msalani, akarudi, akatoka tena. Kidonda kidogo alichopata mguuni kwenye kisiki cha chai kilikuwa kimekataa kufunga tangu mvua ndefu zianze. Na watu walisema nini? Akina mama wa kanisa walimsifu: aki umepungua vizuri, hebu tuambie unakula nini! Shangazi yangu alisema ni jicho la mtu. Dada yangu mkubwa alisema ni upweke, watoto wote wameenda kutafuta kazi, nyumba imebaki na mzee mwenye kelele.

Na uchovu je? Alikuwa akichoka mpaka analala ameketi. Huku tunalima chai, na dawa ya mchovu ni chai. Maziwa mengi, majani, na sukari inachemkia mlemle ndani ya sufuria, kila mtu anakunywa ileile. Ukichoka unaongezwa sukari. Ukizidi kuchoka unanunuliwa glukosi ya unga. Mimi mwenyewe niliinunua, nikaikoroga kwenye kikombe chake kwa mkono wangu, nikasimama pale nihakikishe amemaliza. Tulikuwa tunazima moto kwa mafuta ya taa, jamani, na kwa upendo mwingi sana.

Muuguzi wa kituo chetu cha afya ni mama mnene kutoka upande wa ziwa, mcheshi, ambaye ameishi nasi mpaka anatutania kwa lugha yetu. Asubuhi iliyofuata nilimpeleka mke wangu kwake, naye alikuwa anacheka alipomchoma kidole. Mashine ndogo ilifikiri, ikafikiri, ikakataa kutoa nambari. Akabadilisha kile kijiti cha kupimia, akachoma kidole kingine. Ikakataa tena. Kicheko chake kikakatika.

"Mzee, sukari kwenye damu yake imepita pale mashine inaweza kuhesabu."

"Sukari? Huyu hata peremende hali!"

"Na chai?"

Tukaangaliana, mimi na mama watoto. Wote wawili tuliona ile sufuria yetu nyumbani, na kijiko kinachopanda na kushuka.

"Leo hamrudi nyumbani," akasema muuguzi. "Mnaenda Kericho, sasa hivi."

Hospitali ya kaunti walimtundikia maji, wakamchoma sindano, wakampima asubuhi, mchana na jioni. Daktari wa wodi alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wetu, lakini alieleza mambo vizuri kama mwalimu mzuri. Alituambia ni ugonjwa wa kisukari, kwamba hauponi bali unatunzwa, na kwamba watu wengi huishi nao mpaka wanazika wale waliowaonea huruma. Hiyo ilimchekesha mama watoto. Kisha akaja kwenye macho. Sukari nyingi hufanya lenzi ya jicho ivimbe, akasema, na mtu huona ukungu. Sukari ikishuka na kutulia, macho yanaweza kurudi baada ya wiki kadhaa. Yasiporudi, kutakuwa na shida nyingine ndani, na hiyo ni kazi ya daktari wa macho.

Yanaweza. Neno hilo nililibeba kifuani wiki zote zilizofuata.

Mke wangu aliuliza swali moja tu. "Nitachuna?"

"Mama, kwanza tupate nafuu."

"Nimekuuliza kama nitachuna."

Daktari alimshika mkono. Mama watoto akageukia ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama yake nikaona mabega yake yanatetemeka. Mtu asiyejua angesema ni chai tu, si afadhali apumzike? Lakini shamba lile tulilipanda sisi wawili, yeye akiwa na mimba ya kwanza, na jina lake kwenye ile meza ndilo jina alilojipatia mwenyewe. La mume alipewa, la baba alizaliwa nalo. Lile la majani safi alilitafuta kwa mikono yake, na sasa alikuwa anaona kijani tu.

Tulirudi nyumbani na vidonge, na habari zikatutangulia. Sasa mnajua desturi yetu. Mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Jumamosi ile akina mama wa kanisa wakaingia uani wakiimba, na kila mmoja kwapani ana mfuko. Wakaketi, wakaomba, wakaanza kutoa zawadi mezani. Sukari. Sukari. Mkate na sukari. Soda kubwa, na sukari. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Londiani, alikuja na debe la viazi, Mungu ambariki, halafu akatoa kwenye mkoba pakiti mbili za nini? Meza yetu ilikuwa kama rafu ya duka la jumla.

Nilitaka kusema kitu. Lakini utamwambiaje mtu aliyetembea matopeni kukuona kwamba amekuletea ugonjwa wako umefungwa kwa karatasi? Kurudisha zawadi ni tusi. Nikaona itabidi tunyamaze, tushukuru, tupike chai kama kawaida.

Mama watoto akasimama. Alikuwa amekonda, gauni linamning'inia, na hakuwa anaona vizuri nani ameketi wapi. Lakini alisimama wima.

"Kongoi," akasema. Asanteni. "Mmenipenda, nimeona, hata kwa macho haya. Sasa niwaambie. Daktari amesema ninaumwa na kitu fulani." Akapapasa meza mpaka mkono ukagusa pakiti, akaiinua juu. "Ni hiki."

Dada yangu akafunika mdomo. Halafu mama mmoja mzee kule nyuma akasema, "Woi, tumekuja kummaliza!" na nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko, yeye mgonjwa akicheka kuwazidi, mpaka akaomba msaada wa kuketi.

Kicheko kilipotulia, akawaambia zile pakiti zitawekwa mpaka kuwe na kilio au harusi kijijini, hakuna kitakachopotea. Na kuanzia siku hiyo, anayetaka kumwona aje na mayai, au maharagwe, au mboga za kienyeji. Kisha akasema jambo ambalo lilinitoa jasho. "Na hapa kwangu chai itapikwa bila sukari. Bakuli litakuwa mezani, anayetaka aweke mwenyewe. Msiseme nimekuwa bahili. Mkisema, semeni mbele yangu."

Ninyi ambao hamkukulia hapa hamwezi kujua uzito wa neno hilo. Mgeni kupewa chai isiyochemka na sukari yake! Kuna nyumba ambazo watu hawajasahau jambo dogo kuliko hilo kwa vizazi viwili. Lakini alimimina, kikombe kwa kikombe, na akina mama wakanywa. Nilimwona dada yangu akinyoosha mkono kwenye bakuli, akasita, akaurudisha. Alikunywa ile chai tupu na uso wa mtu anayekunywa dawa ya minyoo, akaimaliza, akaomba nyingine. Nilimpenda sana dada yangu siku hiyo.

Mama watoto aliziambia nyumba nyingine pia, bila haya, hata pale walipozoea kunong'ona. Mwanamke wa jirani alianza kuamka amka usiku na kunywa maji ovyo, akaja kwetu, wala hakwenda kwa shangazi yangu na mambo yake ya jicho. Alipimwa mapema, hakulazwa hata siku moja.

Mimi nilipewa kazi ya miguu. Muuguzi alisema mtu wa kisukari anaweza kupoteza hisi miguuni, na sisi tunashinda kwenye gambuti, kajiwe kakiingia humo hujui mpaka mguu umeoza. Basi kila jioni ninaosha miguu ya mke wangu kwenye karai, naikausha katikati ya vidole, naiangalia kwa tochi. Kile kidonda cha kisiki nilikisimamia mpaka kikafunga. Wanaume wenzangu walinicheka sana. Mmoja aliniuliza kama sasa nimekuwa shemasi. Nikamwambia hata yeye miguu yake inanuka, aje Ijumaa.

Lakini macho, macho hayakurudi. Kila asubuhi alitoka uani, akatazama ng'ambo ya bonde, kwenye kanisa jipya lenye bati jekundu. Mimi nilisimama mlangoni nikijifanya napiga mswaki.

"Leo?"

"Ukungu."

"Ukungu wa kweli au wa macho?"

"Mzee, niache."

Na huku Kericho, wallahi, asubuhi nyingi ukungu huwa ni wa kweli, kwa hiyo hata hatukuwa na uhakika tunaulizana nini. Mashine ilikuwa inatoa nambari sasa, na nambari zilikuwa zinashuka vizuri. Ugali aliupunguza mpaka ukawa donge la ngumi, mboga akajaza sahani. Mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, alikunywa kidogo, akisema Mungu hawezi kumnyima vyote. Kila alichoambiwa alifanya, na bado ukungu. Mimi nilianza kuogopa kimoyomoyo kwamba lile "yanaweza" lilikuwa neno la kutufariji tu.

Siku moja nilimkuta amevaa aproni ya plastiki na gambuti.

"Unaenda wapi?"

"Kazini."

"Na macho?"

"Mikono haijaugua."

Nikamfuata hadi shambani nikipiga kelele njia nzima, na hakunijibu. Alisimama kwenye mstari wa kwanza, akafumba macho kabisa. Nikamwona anaviweka vidole juu ya kichaka, anavitembeza, anasimama. Jani laini ukilivunja hukatika mara moja, pa! Lililokomaa hujikunja na kuacha nyuzi. Chipukizi ni jembamba, limejikunja lenyewe, na kikonyo kisicho na chipukizi, kile tunachoita banji, ncha yake ni butu. Yote hayo vidole vyake vilijua, vimejua miaka yote, sema macho yalikuwa yakivitangulia. Siku hiyo alichuna taratibu sana. Aliacha mengi. Aliweka machache kikapuni, akanipa niyaangalie, na kila moja lilikuwa majani mawili na chipukizi. Nikasema tu kwamba mvua inakuja.

Kwenye kituo, yule karani kijana aliyapokea majani yale kwa mikono miwili. Aliyageuza, akayageuza, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye alivyokuwa akitazama hewani.

"Mama, peleka kwenye mzani."

Mimi nimeona watu mashujaa katika maisha yangu. Sijamwona mwingine aliyerudi kwenye meza iliyomwaibisha, haoni, na akasimama foleni kama kila mtu.

Basi tukawa tunaenda hivyo, yeye kwa vidole, mimi kwenye mstari wa pili nikimsaidia, maana peke yake hangemaliza. Mfukoni mwa aproni yake kuna peremende, muuguzi alisema akianza kutetemeka na kutoka jasho ale moja haraka. Yeye ambaye hali peremende. Na mimi mchunaji hafifu, nakiri wazi, mikono yangu ni ya jembe na ng'ombe. Nilikuwa naweka kikapuni chochote kilichokuwa kijani, nikitumaini kwamba yake yatafunika yangu.

Asubuhi moja jua lilitoka mapema, ukungu ukapanda haraka. Tulikuwa tumeachana vichaka kadhaa, mimi nikiimba vibaya, yeye kimya. Nikavunja jani, nikalitupa kikapuni.

"Toa hilo."

Nikaacha kuimba. "Lipi?"

"Hilo uliloweka sasa hivi. Limezeeka kama wewe."

Nikaingiza mkono, nikalitoa. Lilikuwa gumu, la kijani kizito, limekomaa kweli. Nikachuna jingine kwa makusudi, banji gumu kabisa, nikaliinua juu ya kichwa changu.

"Na hili?"

"Banji! Mzee, una nini leo?"

Nikainua jingine, laini, majani mawili na chipukizi. "Na hili?"

"Hilo ni zuri, weka, mbona unanionyesha jani moja moja kama mwa..."

Aligeuza uso polepole, akatazama vichaka vilivyo kati yetu, akatazama mkono wangu uliokuwa bado juu, kisha akatazama mbali, ng'ambo ya bonde, kwenye bati jekundu. Akatazama kwa muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, nadhani hakutaka kitu chochote kimzuie kuona, hata mkono wake mwenyewe.

"Mzee," akaniita.

"Naam."

"Mwaga hicho kikapu chako chote. Tuchambue upya."